Biti moja, wachumba wawili: nimpe mtu wa gemu au niwape madansa wa TikTok?

Fundi_Mbagala (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Mimi ni prodyuza mdogo, studio yangu ni chumba kimoja Mbagala na magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi. Nina biti ya singeli, spidi ya mapigo 208 kwa dakika, ambayo watoto wa mtaani wakiisikia wanaacha hata mpira. MC bado hajaingiza sauti. Sasa ndani ya wiki moja imepata wachumba wawili, na siwezi kuiozesha mara mbili.

Wa kwanza ni kundi la madansa, wako wanne, wafuasi wanao. Wanataka laki tatu na nusu: watatunga staili, watapiga video tatu na kuwavuta wenzao waingie kwenye chalenji. Wa pili ni jamaa anayetengeneza gemu ya simu, mbio za bodaboda. Anatoa dola 150, karibu laki nne ya kwetu, mara moja basi. Sharti lake ni kwamba biti isitoke popote pengine kwa mwaka mzima.

Mmoja anachukua hela yangu, mwingine ananipa. Kwa akili ya njaa jibu liko wazi. Ila nikikumbuka nyimbo zote zilizovuma karibuni, zilipandia kwenye miguu ya watu. Naomba mnilinganishie kwa mifano, kejeli mtazitoa baadaye.

Jirani_Mpole (Tanga)

Weka biti tuisikie kwanza.

Fundi_Mbagala

Nikiiweka hapa leo, kesho naikuta Tandale ina jina jingine.

Kivu_Yetu (Goma)

Ndugu Fundi, hicho mnachokiita chalenji sisi tumekulia humo. Bendi ya Zaiko Langa Langa ilitoka na mtindo wa cavacha miaka ya 1970, ikaja kwassa kwassa, ikaja ndombolo. Bendi ya Kinshasa kutoa wimbo bila namna ya kuucheza ni kama kupakua ugali bila mboga. Na kuna mtu kazi yake ni hiyo tu, atalaku: anasimama na kelele zake kukuambia sasa kiuno, sasa mkono, sasa shuka chini. TikTok imechukua kazi ya atalaku ikaiweka kwenye kioo cha simu.

Kwa hiyo swali langu ni moja: sebene yako, ile sehemu ya kuchezea, iko wapi? Dansa hachezi wimbo mzima. Anatafuta sekunde kumi na tano ambazo mwili unajua pa kuanzia na pa kuachia. Kama biti yako inakimbia sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mahali pa kukata na kurudi, video tatu zitapita kama gari la mizigo usiku.

Halafu usidharau neno. Diamond alipotoa Komasava mwaka 2024 sisi tunaosema Kifaransa tulicheka, maana ni *comment ça va* iliyovaa kanzu. Chris Brown akajirekodi akiicheza, na hakuna aliyeuliza tahajia tena. Jason Derulo akaingia kwenye rimiksi. Wimbo ulikuwa na salamu ambayo mtu yeyote anaweza kuitamka na hatua ambayo mtu yeyote anaweza kuikosea bila aibu. Mimi ningewapa madansa.

Gemu_Nai (Nairobi)

Mimi hutengeneza gemu za simu (si huyo wa bodaboda, naapa), kwa hivyo wacha niseme vile mambo huwa upande huu.

Kwanza pesa. Gemu nyingi, hasa ndogo, hulipa mara moja. Watu milioni wakicheza, hiyo dola 150 haiongezeki hata senti. Ukingoja malipo ya kila inaposikika kama ya redio, utangoja sana.

Pili, masikio. Wimbo wa dansi unaombwa umshike mtu kwa sekunde chache. Wimbo wa gemu unaombwa usimchoshe baada ya mara mia tatu. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Mchezaji ameanguka kwenye kona ileile mara kumi na tano, ana hasira, na biti yako inaanza upya kila akianguka. Spidi 208 na kinanda kinacholia bila kupumua? Atazima sauti siku ya kwanza, na hapo umeuza biti kwa mtu asiyeisikia.

Tatu, muulize huyo jamaa kama anataka faili moja au vipande. Sisi tukifanya kazi vizuri huomba ngoma peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake. Pikipiki ikiwa polepole unasikia ngoma tu, ukiongeza gia besi inaingia, ukiongoza mbio kinanda kinafunguka. Singeli ingekaa hapo vizuri sana, kusema ukweli. Lakini akiomba faili moja tu ya MP3, jua ataizungusha kama mlio wa simu.

Ila msione gemu ni kaburi la nyimbo. Sisi tuliokulia kwa vibanda vya pleistesheni, Song 2 ya Blur tuliijua kutoka gemu ya mpira ya FIFA 98, hatukuijua kwa redio. Na Fela Kuti wa Nigeria, wangapi humu walimsikia mara ya kwanza ndani ya gemu ya GTA IV, wakiendesha gari la wizi? Ile stesheni ya redio ya mle ndani, IF99, mtangazaji wake ni Femi Kuti, mwanawe mwenyewe. Hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa tunazunguka tu mjini hakuna misheni, redio inaimba.

Jirani_Mpole (Tanga)

Gari la wizi na Fela. Malezi bora kabisa.

Mwl_Alto (Moshi)

Wanangu, mimi ni mwalimu wa kwaya, gemu sichezi, na kucheza muziki nilikoma niliposhikwa na goti. Lakini kuna wimbo mmoja lazima utajwe kwenye mazungumzo haya, tena uko kwa lugha yetu.

Miaka kadhaa iliyopita kijana wa besi alikuja mazoezini na simu, akasema, "Mwalimu, nimepata wimbo wa Sala ya Bwana, sijui wa dayosisi gani." Tukasikiliza. Nikadhani ni wa Afrika Kusini, kwa ule mpangilio wa sauti. Kumbe unafungulia gemu ya kompyuta. Unaitwa Baba Yetu, ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV iliyotoka 2005. Mbunifu mkuu wa ile gemu, Soren Johnson, aliwahi kuishi naye chumba kimoja walipokuwa wanafunzi Stanford. Wakaja kukutana tena wakubwa, akamwomba wimbo. Walioimba mara ya kwanza ni Talisman, kikundi cha wanafunzi wa hapohapo Stanford.

Maneno yamekatwa na kurudiwarudiwa yafuate mdundo, kiasi kwamba mzee mmoja wa kanisa letu alikunja uso akisema sala haichezewi. Tulimwacha. Jumapili tulipoimba, alikuwa anatikisa kichwa kwenye benchi la mbele.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Wimbo ule haukuwa na chalenji wala staili ya kucheza. Ulikaa kwenye ukurasa wa kwanza wa gemu, pale mtu anapochagua aanze au atoke, na watu wakawa hawaanzi wala hawatoki, wanasikiliza. Mwaka 2009 Tin akaurekodi upya na Soweto Gospel Choir kwenye albamu yake Calling All Dawns. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy kwa mpangilio wa muziki, na haukuwahi kutokea wimbo wa gemu uliopata tuzo hiyo kabla yake. Miaka ishirini baadaye kwaya za vyuo vya Ulaya na Marekani bado zinauimba. Nioneshe wimbo wa dansi uliotoka 2005 ambao kuna watu bado wanaufanyia mazoezi kila Alhamisi.

Na angalia Fundi: Tin aliweza kuurudia kwenye albamu yake mwenyewe. Angekuwa amefungwa na sharti kama hilo lako la mwaka mzima, tena bila mwisho, tungebaki na ule wa kwenye diski tu. Mimi sharti hilo ndilo linalonitia shaka kuliko hizo dola.

Muskati_Yakhe (Muscat)

Asalaam alaykum jamaa. Mwalimu, nakuongezea: wimbo huohuo niliusikia Dubai kwenye chemchemi za pale chini ya Burj Khalifa. Maji yanapanda na kushuka, taa, watalii wamenyanyua simu, na mimi peke yangu nimeduwaa kwa sababu ndiye niliyekuwa naelewa kuwa wanaswalishwa. Kwa hiyo usiseme haukupata madansa. Umechezwa na maji.

Mwl_Alto (Moshi)

Hiyo sikuijua. Jumapili namwambia mzee.

Dada_Staili (Mwanza)

Nimesoma uzi wote. Mmeongelea prodyuza, mmeongelea mwenye gemu, mmeongelea hadi maji. Mwenye mguu mmemsahau.

Mimi ni dansa. Laki tatu na nusu kwa watu wanne, kutunga, mazoezi, nauli, kurekodi mara tatu, ni bei ya mboga. Fundi anaiona gharama, mimi naona wanamfanyia hisani. Mnajua Renegade? Jalaiah Harmon aliitunga 2019 akiwa na miaka 14, huko karibu na Atlanta, juu ya wimbo Lottery wa K Camp. Wakubwa wa TikTok wakaicheza, wakapata wafuasi na matangazo. Yeye alikuwa anaingia chini ya video za watu kuomba atajwe, wanampita. Mpaka New York Times walipomwandika Februari 2020 ndipo dunia ikajua kumbe ile ngoma ina mama.

Kwenye gemu ndiyo usiseme. Fortnite walikuwa wanauza miondoko: unanunua, mwanasesere wako anacheza. Desemba 2018 rapa 2 Milly akawashtaki kwa dansi yake ya Milly Rock, Alfonso Ribeiro naye kwa ile ya Carlton ya kwenye televisheni. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa kumsajilia Ribeiro, ikisema ni hatua tatu tu, hazifiki kuwa kazi ya kutungwa. Machi 2019 Mahakama ya Juu, kwenye kesi nyingine kabisa, ikasema lazima kazi yako isajiliwe kwanza ndipo ushtaki. Kesi zikaondolewa. Aliyefika mbali ni mtunga dansi Kyle Hanagami, maana yeye alikuwa ameshasajili dansi yake: akashtaki 2022, akatupwa, mahakama ya rufaa ikamrudisha 2023, na 2024 wakamalizana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo Fundi, ukija kwetu usije na laki tatu na nusu peke yake. Njoo na karatasi inayosema staili ni ya nani. Na kama biti itaenda kwenye gemu na mwanasesere wa bodaboda atakuwa anacheza akishinda, tuambiane mapema anacheza ya nani.

Fundi_Mbagala

Dada, nakubali kipigo. Hilo la staili sikulifikiria kabisa.

Kivu_Yetu (Goma)

Na mimi. Tunamjua mwimbaji, tunamjua hata mpiga gita, wale wacheza shoo tunasema tu "wale wa nyuma".

Mtetezi_Kisauni (Mombasa)

Bwana Fundi, nduguyo hapa amesoma sheria kidogo, si sana, kiasi cha kuharibu raha za watu.

Mnalinganisha kama kwamba ni lazima uchague mlango mmoja. Tazameni wimbo wa Jerusalema. Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini waliitoa mwisho wa 2019. Mwaka 2020 kundi la Angola, Fenómenos do Semba, likapiga video wakicheza sahani za chakula mkononi, na dunia iliyofungiwa ndani kwa korona ikafuata, manesi, mapadri, askari. Rais Ramaphosa akawaomba Waafrika Kusini waicheze Septemba 24, Siku ya Urithi. Kisha ikaingia kwenye Just Dance 2022, gemu ya kucheza dansi. Kwa hiyo mguu ndio uliofungua mlango wa gemu. Sijaona kinyume chake mara nyingi.

Lakini upande wa pesa ni kizungumkuti. Mwanzoni mwa 2021 kampuni ya muziki ya Warner kule Ujerumani walianza kudai malipo kwa taasisi zilizopiga video za kucheza wimbo ule, polisi na zimamoto wakiwemo, kwa sababu kuuweka muziki juu ya picha kunahitaji ruhusa yake peke yake. Watu wakakasirika: tulikuwa tunajifariji, mnatuletea bili? Kisheria walikuwa na haki. Na mwaka huohuo Nomcebo, ambaye sauti yake ndiyo wimbo wenyewe, alisema hadharani kwamba hajalipwa. Ngoma imezunguka dunia, mwimbaji mfukoni hamna.

Somo la mlango: kila wimbo una vitu viwili, utunzi na rekodi. Wa gemu anapaswa kuruhusiwa na wenye vyote viwili. TikTok nao hulipia, ila wanapatana na makampuni huko juu, wewe unapitishiwa na msambazaji wako. Wakikorofishana huko juu, wewe huulizwi. Februari 2024 TikTok waligombana na kampuni ya muziki ya Universal, video zenye nyimbo zao zikawa bubu hadi Mei walipopatana.

Gemu_Nai (Nairobi)

Kwa gemu pia hutokea. Hiyo GTA IV niliyoisifu, 2018 waliondoa nyimbo kibao za stesheni yake ya Vladivostok FM, ruhusa ya miaka kumi ilikuwa imeisha. Mtu alikuwa amenunua gemu, iko kwake, asubuhi redio imebadilika.

Mtetezi_Kisauni (Mombasa)

Ndiyo. Sasa Fundi, swali langu la kuharibu raha. Singeli imezaliwa na mchiriku, na mchiriku na taarab ni jirani wa ukuta mmoja. Wengi wenu hukata kipande cha taarab, mkakiongezea spidi hadi mwimbaji akawa na sauti ya panya. Hicho kinanda alichokitaja Gemu_Nai kwa kubahatisha, kwako kipo? Na ni cha nani?

Fundi_Mbagala

…

Kipo. Kanda ya marehemu mama. Taarab ya zamani, lebo ya kanda imefutika, hata sijui ni kikundi gani. Nimekata kinanda sekunde nne na ile "aah" ya mwimbaji mmoja. Ndiyo roho ya biti yenyewe.

Gemu_Nai (Nairobi)

Mimi hapo ningekimbia. Siongei vibaya. Mkataba wa gemu huwa na mstari unaosema muuzaji anathibitisha kila sauti ni yake, na ikizuka kesi ni juu yake. Kwa dola 150 unakuwa umebeba mzigo wa gemu nzima.

Kivu_Yetu (Goma)

Basi ni TikTok. Huko nani atajua?

Mtetezi_Kisauni (Mombasa)

Ndugu wa Goma, huko hakuna atakayejua mpaka uvume. Wimbo usipovuma hakuna anayekutafuta. Ukivuma, mjukuu wa yule mpiga kinanda naye ana simu. Yaani siku ya furaha yako ndiyo siku ya barua.

Muskati_Yakhe (Muscat)

Tafuta mzee akupigie upya.

Mtetezi_Kisauni (Mombasa)

Apige kitu kingine, si kilekile upya. Ukirudia tuni ileile umekwepa rekodi, utunzi bado umeushika mkononi.

Mwl_Alto (Moshi)

Mwanangu, pole kwa mama. Hiyo kanda itunze.

Fundi_Mbagala (wiki tatu baadaye)

Wakuu, narudisha mrejesho kama nilivyoahidi, ingawa sikuahidi.

Nilimpata mzee mmoja Temeke anayepiga kinanda kwenye maharusi. Nikamchezea biti bila kile kipande. Akacheka mpaka akavua miwani, akaniuliza kama mashine imeharibika. Nikamwambia apige anavyojisikia. Akapiga taratibu, nusu ya spidi yangu, noti zinadondoka moja moja juu ya ile fujo. Elfu hamsini, na nikamwandikia karatasi kwamba utunzi wa kinanda ni wetu wawili. Alishangaa karatasi kuliko pesa. Mtetezi, alisema katika miaka yote hiyo ya maharusi hajawahi kusainishwa chochote zaidi ya daftari la chakula.

Kusema kweli imekuwa biti nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa kali zaidi. Hii inasikilizika mara nyingi zaidi.

Jamaa wa bodaboda nimempa vipande: ngoma, besi, na makofi. Kinanda sikumpa. Nimemwambia kufungwa mwaka mzima sitaki, akashusha hadi dola 110, nikakubali. Gemu_Nai, aliomba vipande mwenyewe kabla sijamwambia, kwa hiyo huenda anajua anachofanya.

Ile yenye kinanda ni ya MC, akimaliza mistari. Dada_Staili, wale madansa wangu wa mwanzo waliposikia habari ya karatasi wakasema nawaletea siasa. Wewe uko Mwanza, nauli ya watu wanne sina. Mkirekodi hukohuko, tunaelewana vipi?

Dada_Staili (Mwanza)

Sisi tuko watatu, mmoja kaolewa. Nitumie ile yenye kinanda. Hapo mzee anapoingia taratibu ndipo tutakaposimama bila kutikisika, kisha ngoma ikirudi tunaachia. Majina yetu matatu na lake mzee yaandikwe kwenye video ya kwanza, si ya tatu.

Kivu_Yetu (Goma)

Hiyo ndiyo sebene niliyokuwa naiulizia!

Jirani_Mpole (Tanga)

Sasa weka biti tuisikie.